Karani wa Barabara ya Kakuma

Nimekabidhi meza. Spana, koleo, tochi ya kupimia, mkebe wa fyuzi, vyote vimepata mwenyewe mwingine, na mimi nimebaki na kiti cha plastiki na miguu inayovimba jioni. Vijana wa gereji wameniomba niandike ninayoyajua kuhusu taa za ziada, zile tunazoziita spoti, kabla sijasahau. "Kabla hujasahau" ni adabu yao. Maana yake kabla hujafa. Haya. Naitwa Akiru, ingawa Lodwar nzima inaniita Mama Taa, na kazi yangu ya maisha imekuwa kufungia magari taa. Nitaandika kwa mpangilio, na yale ya Karani nitayafikia. Nyote mnayajua nusunusu, na nusu mnayoyajua ndiyo ile inayochekesha.

Siku ya kwanza sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kumwomba fundi Hirsi vipande vya waya wa shaba nitengenezee bangili. Hirsi alikuwa mzee wa Kisomali, fundi wa umeme wa magari, mwenye gereji ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Alinitazama, akanitupia furushi la waya zilizovurugika na kuniambia, "Funga macho. Nyembamba weka huku, nene huku, ya katikati huku." Nilifumba macho nikazipanga kwa vidole. Alipokagua hakupata hata moja iliyokosea. Aliniambia, "Bangili utatengeneza Jumapili. Kesho kuja na nguo ya kuchafuka."

Mwezi mzima hakuniruhusu kugusa gari. Alinifundisha waya kwanza, kwa sababu alisema wanaume wote walionitangulia kufundishwa walikimbilia taa na kuunguza magari ya watu. Aliwasha spoti mezani kwa waya mwembamba, tukanywa chai, halafu akaniambia niushike. Nikaruka. "Ikikuwa moto kama uji, umekosea," alisema. "Ikikuwa moto kama mkono ya mtoto, sawa." Hicho ndicho kipimo changu mpaka leo, ingawa nyinyi mna mashine inayoandika namba.

Sasa kuhusu kuchagua. Mteja akija muulize kwanza anakwenda wapi. Anayekwenda Todonyang anafuata alama za magurudumu mchangani, kwa hiyo mpe taa inayotandaza mwanga pembeni aone vichaka na mashimo. Anayekwenda Kakuma siku hizi ana lami, anakimbia, na adui yake ni ngamia. Mpe inayorusha mbali. Asiyejua aendako mpe moja ya kila aina na umwombee. Wengi watakuja wakitaka walichokiona kwenye gari la shemeji yao, taa nane juu ya paa. Mwambie akifunga taa nane juu ya paa ataiona boneti yake vizuri sana. Na upepo ukichafuka, mwanga mweupe wa juu hugonga vumbi na kumrudia dereva usoni, ikawa anaendesha akiwa ndani ya shuka.

Kufunga ni subira. Kiti cha taa kikae kwenye vyuma vya mbele, kiwe na mpira chini yake, maana barabara zetu zinatikisa mpaka meno. Fyuzi iwe shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Rilei, ile swichi ndogo inayobeba umeme mzito, usiiruke. Waya wa kurudi kwenye bodi, kwangua rangi kwanza mpaka chuma king'ae ndipo uukaze. Na swichi ipitie kwenye taa kubwa za gari, ili dereva akizishusha kwa ajili ya mwenzake, spoti nazo zife. Nimewahi kufungua gari nikakuta spoti zimeunganishwa na honi. Mwenye gari aliniambia fundi wa kwao ndivyo anavyofanya. Sikumuuliza kwao ni wapi.

Kulenga ndiko kulikonifanya nipende kazi hii, na ndiko kulikonifunza kuogopa. Tulianzia ukutani kwa chaki, halafu jua likizama tulitoka nje ya mji, upande wa Kakuma, mahali ambapo nchi ni bapa. Hapo ukiwasha spoti unaona kuwa ulikuwa umezungukwa. Macho ya mbuzi, ya mbweha, ya yule ndege anayelala barabarani, jicho lake jekundu kama kaa la moto. Hata buibui wadogo wa mchangani wana macho yanayong'aa, maelfu, na kila moja linakutazama wewe. Ukizima hakuna kitu.

Jioni moja tulikuwa tumeelekeza gari kaskazini, tukaona taa mbili zinakuja. Hirsi akasema tungoje, tumuulize huyo dereva kama spoti zetu zimemuumiza macho. Tukangoja. Zile taa zilikuja, zikaja, tukamaliza chupa nzima ya chai. Halafu zikashushwa, kama dereva mwenye heshima anavyoshusha akikaribia mwenzake, zikatoweka. Hakukuwa na mlio. Hirsi alisema labda gari limekata kona likaingia kwenye laga, mkondo mkavu wa mto. Pale hakuna kona wala laga. Alikusanya vifaa bila kunawa mikono, na njia nzima kurudi Lodwar midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Kesho yake alinipa sheria moja, na mtu huyu hakuwa na mazoea ya kutoa sheria. Dereva akikuambia ameona kitu kwenye mwanga wa taa uliyofunga wewe, usimjibu. Ingia, kaa kwenye kiti chake, washa, uone anachokiona. "Kama ni shetani, mtaona nyinyi wote wawili," alisema. "Kama ni taa, utatengeneza. Lakini usitibu taa na maskio."

Hirsi alifariki, Mungu amrehemu, na mwanawe akaniachia meza. Niliitunza sheria ile miaka mingi. Nimekaa kwenye viti vya madereva waliokuwa wanaona moto, maji, mabibi harusi, hata punda mwenye suruali. Yule punda alikuwa punda kweli, na suruali ilikuwa kweli. Hiyo ilikuwa kampeni ya uchaguzi na sina zaidi la kusema.

Halafu akaja Ewoi.

Ewoi alikuwa dereva wa gari la zahanati moja, jina naliacha. Kazi yake ilikuwa kubeba wagonjwa na dawa kati ya Lodwar na Kakuma na vijiji vya katikati. Mtu mpole, mkristo wa kukaa benchi la mbele, hajawahi kugonga hata kuku. Wiki tatu kabla, jiwe lilikuwa limeipiga spoti yake ya kulia, kioo kikapata ufa kutoka juu hadi chini. Kioo kipya kilikuwa Nairobi, na Nairobi haina haraka na sisi. Nikauziba ule ufa kwa gundi nyeusi ya injini, ile inayovumilia moto, nikailainisha kwa kidole gumba. Niliona nimefanya kazi safi.

Alirudi asubuhi moja, kukiwa na magari manne kwenye foleni na watu wamejaa kivulini. Akaniita pembeni.

"Mama Taa, kuna mtu iko kwa barabara."

"Barabara ni ya watu, Ewoi."

"Huyu si wa hivyo. Anasimama na mguu moja, ameegemea fimbo, kama mchungaji. Nikienda haraka, anaenda. Nikisimama, anasimama. Simfikii. Nikizima spoti hayuko."

Alikuwa amekwisha kwenda kwa pasta akaombewa. Alikuwa pia amekwenda kwa emuron, mganga wetu anayesoma ndoto na matumbo, ingawa hilo alilisema kwa sauti ya chini ili Yesu asisikie. Mganga alimwambia achinje mbuzi mweusi pale anapomwona. Ewoi akamuuliza nitamchinjia wapi mtu ambaye anatembea na gari?

Niliinama nikatazama kioo, nikaona. Gundi yangu ilikuwa imejaa kwenye ufa mnene wa katikati, na pembeni yake kulikuwa na ufa mwembamba umeshuka hadi chini. Mwili, na fimbo. Taa ilikuwa inarusha giza la gundi yangu mbele ya gari, na vumbi lililo hewani lilikuwa linalipa mahali pa kusimama. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Njooni muone shetani wa Ewoi!" niliwaita. "Nimemtengeneza mimi mwenyewe, kwa hiki kidole!"

Watu wakaja, wakacheka, Ewoi naye akacheka kwa aibu na kwa nafuu. Hapo palihitajika dakika moja. Ningechomoa waya mmoja wa spoti ile, basi. Ewoi hakutaka gari liwe chongo, hilo ni kweli, lakini mimi ndiye niliyekuwa fundi. Wala sikukaa kwenye kiti chake. Foleni ilikuwa ndefu, na kusema ukweli nilikipenda kile kicheko. Mwanamke anayefanya kazi katikati ya wanaume miaka yote hiyo, siku wanapocheka pamoja naye badala ya kumcheka, hataki iishe.

"Kioo kikija nitakuita," nilimwambia. "Mpaka hapo usimwogope. Mpitie katikati."

Mnatujua sisi kwa kupeana majina. Kabla ya adhuhuri yule mtu wa gundi alikuwa amebatizwa Karani, kwa sababu amesimama barabarani kila siku kama anayeandika namba za magari. Madereva wengine wakawa wanaomba kupanda na Ewoi wamwone. Waliniambia gari zima lilikuwa linamsalimia kwa Kiturkana. Ewoi akiwasha spoti, wanapiga kelele, "Ejok, Karani!", yeye anapiga honi mara moja, wanapita, wanajibu wenyewe, "Ejok noi!" Nilisimuliwa hivyo na nikaona fahari. Kioo kilikaa Nairobi wiki ya kwanza, na ya pili.

Jioni ya lile jambo kulikuwa na upepo. Jua lilikuwa halijazama bado lakini vumbi lilikuwa limekwisha kulimeza, dunia imekuwa ya kahawia. Ewoi alikuwa anatoka Lodwar kwenda Kakuma, peke yake na maboksi ya dawa. Milima ya Pelekech haikuonekana. Akawasha taa kubwa, akawasha spoti. Karani akasimama mahali pake.

Haya yanayofuata aliniambia Ewoi mwenyewe, amekaa kwenye sakafu ya gereji yangu, na nimeyaandika kama alivyosema.

"Nilimsalimia. Nikasema ejok, Karani. Nikaangalia, nikaona leo wako wawili. Mmoja hapa, mmoja nyuma yake kidogo. Wote na fimbo. Wote mguu moja. Mama, nilicheka. Nilisema, leo Karani ameleta ndugu yake. Nikapiga honi, nikapita."

Wa kwanza hakutoa sauti.

Mnajua desturi ya huku. Mwenye mgonjwa hapungi mkono pembeni kama wa mjini, kwa sababu gari halimsimamii anayepunga. Husimama katikati ya lami asiondoke. Wa pili, mzee Lopeyok, alikuwa amesimama hivyo tangu mchana. Binti yake, Nakwawi, alikuwa chini ya mti hatua chache kutoka pale, ana uchungu wa mtoto aliyekataa kutoka. Alikuwa amesikia honi ikilia. Alimwambia baadaye mkunga kuwa alimshukuru Mungu, kwa sababu dereva akipiga honi ina maana amekuona.

Ewoi aliwabeba wote wawili. Baba nyuma, amefunikwa shuka, binti mbele kwa sababu nyuma hapakuwa na nafasi nyingine. Spoti hakuzizima, alisema mikono yake haikuweza kuachia usukani. Kwa hiyo kutoka hapo mpaka daraja la Tarach, Karani alikwenda mbele yao, peke yake, fimbo mkononi, na Ewoi alikuwa analia akimfuata. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika getini pa hospitali. Wakamwita Narot, jina la aliyezaliwa njiani.

Nilipata habari asubuhi. Saa nne basi la Nairobi likaingia, na kioo kipya kilikuwa ndani yake, kimefungwa kwa magazeti. Nilikishika kile kioo nikatamani kukipiga ukutani. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi, na nitaliandika kwa sababu nimeahidi kuandika kazi yangu yote: niliwaza kwamba gari likiletwa kwangu kabla ya polisi kulikagua, naweza kubadilisha kioo kwa dakika kumi, na hakuna atakayejua kulikuwa na gundi. Ewoi angebaki dereva aliyegonga mtu kwenye vumbi. Kulikuwa na vumbi kweli. Hakuna ambaye angeniuliza.

Nilikaa na wazo hilo mpaka chai ikapoa. Halafu nikachukua bisibisi, nikapanda pikipiki hadi kituo cha polisi Kakuma, nikamwomba afisa anionyeshe gari. Nikakitoa kile kioo cha zamani mbele yake, nikamwonyesha kidole changu gumba kilivyoacha alama kwenye gundi. Mistari yote ya kidole ilikuwa pale, imekauka.

"Mama," afisa akasema, "hii unataka niandike nini?"

"Andika ni mimi."

Aliandika. Ewoi aliachiwa baada ya muda, lakini usukani hakuushika tena; siku hizi anachunga mbuzi wa kaka yake upande wa Lokitaung, na tukionana tunasalimiana kama watu waliowahi kuugua ugonjwa mmoja. Mimi nilikemewa, nikaonywa, nikaitwa mbele ya wazee wa ukoo wa marehemu. Nilikubali kila walilosema. Walinitoza walichonitoza kwa desturi, nikatoa, nikadhani yamekwisha kadiri yanavyoweza kuisha.

Nakwawi alikuwepo kwenye kikao kile. Alikaa na mtoto mgongoni, anatazama chini. Watu walipotawanyika alinifuata.

"Wanasema baba alikufa kwa sababu ya mtu mwingine," aliniambia. "Mtu wa taa. Nataka kumwona."

Nilimwambia si mtu, ni gundi. Akasema anajua, ameambiwa. Anataka kumwona.

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja gereji kwa miguu, na mtoto, na sikuwa na uso wa kukataa. Kile kioo polisi walikuwa wamenirudishia. Nilikifunga kwenye spoti ya gari langu bovu, nikawachukua tukaenda nje ya mji, pale ninapolengea taa, jua lilipokuwa linaingia. Upepo ulikuwepo kidogo. Nilimkalisha Nakwawi kwenye kiti cha dereva, na mimi nikakaa kando yake, nikamshika mtoto. Nikanyoosha mkono, nikawasha.

Sikuwa nimewahi kumwona. Mnaelewa? Nilikuwa nimemtengeneza, nikamcheka, nikasikia akisalimiwa na wilaya nzima, lakini sikuwa nimekaa kwenye kile kiti hata siku moja. Alisimama kwenye vumbi hatua kama hamsini mbele yetu, mrefu, bega moja limeshuka, mguu mmoja umekunjwa juu ya mwingine, fimbo wima. Alikuwa anatutazama, au ametupa mgongo, haikujulikana. Hakufanana na gundi hata kidogo.

Nakwawi alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akashusha kioo cha mlango, akatoa kichwa nje, akaita kwa Kiturkana, kwa sauti ya mtu anayemwita baba yake mzee asiyesikia vizuri:

"Apa! Apa, toka barabarani!"

Hakutoka. Vivuli vya gundi havitoki, najua, kazi ni yangu. Mtoto aliamka mapajani mwangu. Sikuweza kuvumilia, nikanyoosha mkono nikazima, na mbele yetu pakawa hapana kitu ila nchi.

Nilianza kumwomba msamaha. Nilikuwa sijawahi kumwomba yeye, niliwaomba wazee tu. Maneno yalinitoka vibaya, nikilia. Nilipomaliza alirudisha kichwa ndani, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani.

"Washa tena," alisema.

Nikawasha. Tukakaa naye pale mpaka betri ikaisha.